Udongo wa Mrima Tuliokandikia Nyumba

Baba Mwanasha,

Watu wasema walikuona Taru, ukichunga mifugo ya wenyewe. Maneno haya namwambia kaka yangu ayaandike, kisha yabandikwe dukani hapa Msambweni. Atakayeelekea huko, tafadhali amsomee.

Wakumbuka wapima madini walipokuja kilima cha Mrima, kama miaka kumi baada ya vita vya pili vya Wajerumani, ukaajiriwa kuwabebea kisanduku cha kupimia, kile kinacholia penye madini wanayoyatafuta? Siku hiyo ulirudi ukaweka jembe mbele yangu.

"Chuma hiki, kiini cha chembe zake kimetulia," ukanambia. "Hata kiyama kitakikuta chuma. Shaba nayo ni hivyo hivyo."

"Na huko kilimani?"

"Huko mna thoriamu. Nayo ni madini, lakini kiini chake hakijatulia. Chavunjika chenyewe, chatupa kipande, chageuka madini mengine. Nayo yavunjika, mpaka yawe madini ya risasi. Hapo ndipo yatulia. Ni miaka isiyohesabika."

Nilicheka, nikakuuliza ni nani aliyekaa akayangoja.

Ijumaa moja mpimaji alikuja kula kwetu. Baada ya chakula ulikiomba kisanduku, ukakiweka karibu na jembe. Kikatoa mlio mmoja mmoja, kwa mbali. Ulipokisogeza ukutani, kikatatarika kama bisi kwenye kikaango. Chini ya ukuta ule alikuwa amelala binti yetu, hajatimiza miaka miwili. Udongo wa kukandikia uliuchimba mwenyewe Mrima, kwa kuwa ulikuwa mwekundu na washika fito vizuri.

"Udongo huu utamdhuru mtoto?" ulimuuliza.

Mpimaji alisema hajui.

Alasiri ile ile ulianza kubomoa. Siku ya tatu Mwanasha akashikwa na homa. Siku ya tano tukamzika. Daktari alikuwa amepima damu, akasema ni malaria.

"Daktari hakukisikia kisanduku," ulisema. Tulipomaliza arobaini, ukaondoka.

Mimi silii. Napika, nala, sijui kama chumvi imekolea. Watu wanisifu kwa subira, nami nawaitikia tu. Si subira. Ni ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari peke yangu. Nilimweleza habari ya udongo, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema homa ile ile iliwachukua watoto wengi msimu ule, hata wa Bodo, ambako hakuna aliyekandika kwa udongo wa Mrima. Ingefaa nifurahi. Nilimshukuru, nikarudi kwa miguu.

Sikukulaumu siku ile, wala leo sikulaumu. Nilinyamaza kwa kukosa neno, nawe ukadhani nimekuhukumu.

Sasa nakaa kwa kaka. Sikuombi urudi, sijui hata nikikuona kama nitahisi kitu. Lakini ukija, nitakupikia.

Mkeo, maana talaka hukuniandikia,
Mama Mwanasha