Sikio la Kushoto la Mlinzi

3 Machi

Kwa Dada,

Hujambo? Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila kazi imenitoa jasho.

Ule mchezo wa kompyuta ninaoutengeneza unatoka mwezi ujao, na pande zake mbili haziko sawa. Mlinzi mmoja anazunguka kwenye jumba lenye vito, wezi wanne wanamnyemelea. Kila mmoja wao ni mtu halisi anayecheza kutoka kwake. Katika michezo mia, mlinzi anashinda sabini na moja. Bosi anataka hamsini, ikizidi iwe kidogo.

Nimekuandikisha kwenye watu wa majaribio. Cheza mlinzi, wewe mwenye subira, uniambie shida iko wapi.

Mdogo wako,
Unyoya

11 Machi

Unyoya mdogo wangu,

Kifua kimepoa, nakohoa kwa mazoea tu. Samahani kwa karatasi hii, ni mabaki ya kiwandani. Tunachapa vitabu vya shule na mashine hazizimwi.

Nimecheza mara ishirini na mbili. Wezi wako wanatia huruma. Nasimama pale kwenye ngazi, nawasikia kila upande, maana kila sauti inatokea kwa alama kwenye kioo, nawakamata kama nachuma mboga. Mmoja aliandika kwamba mimi si mtu, ni kompyuta. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Mpunguzie nguvu huyo mlinzi, lakini usimfanye bwege.

Dada yako

21 Machi

Unyoya,

Natumaini u mzima. Nimesoma tangazo mlilotutumia sisi wa majaribio: kuanzia sasa mlinzi hasikii upande wa kushoto.

Ni wewe uliyeandika?

Dada yako

30 Machi

Dada yangu,

Sijui nikujulie hali kwa uso gani. Siku nzima barua yako iko kando ya kompyuta, naigeuza kifudifudi nisiione.

Ni mimi. Nilijaribu kufifisha tochi, nikajaribu kumpunguzia mwendo, wapi. Ndipo nikakumbuka nilivyokuwa nakukwepa wewe. Mama akienda kazini anakuachia ulinzi wangu, nami napita kushoto kwako, upande ulioziba tangu ile homa, natoka zangu kucheza. Nikaandika mstari mmoja tu, mlinzi akashuka hadi hamsini na mbili. Ofisi nzima ikanipigia makofi na mimi nikayapokea.

Sijamaliza. Asubuhi ya usaili wako wa chuo cha uuguzi nilitoroka vivyo hivyo. Ukanitafuta mpaka saa saba, usaili ukakupita, ukamwambia Mama umesahau tarehe. Nilikuwa nyuma ya nyumba ya jirani, nakuona ukiniita. Miaka kumi na tisa nimenyamaza, na sasa sikio lako nimelifanya njia ya wezi. Moyo unanisuta, chakula hakipiti. Sema neno tu nitaufuta ule mstari, hata bosi akinifukuza.

Mdogo wako

13 Aprili

Unyoya wangu,

Mimi mzima. Wewe kula.

Nilikasirika, sikufichi. Wenzangu kiwandani walinikimbia wiki nzima. Halafu nikacheza tena, wezi wakanipita kushoto wanavyotaka, na hapo nikaona kosa lako. Mlinzi wako hana nyayo. Mimi huku najua mashine imekwama kabla ya wenye masikio mawili, kwa sababu sakafu inaniambia kupitia nyayo. Na sakafu ya Mama ilikuwa ya mbao. Kila ulipopita nilijua.

Nilikuacha kwa kuwa ulikuwa mtoto, na watoto wenzako walikuwa nje. Lakini siku ya usaili nilikuacha kwa sababu nyingine. Niliogopa wale wakubwa wa chuo wangeniuliza swali upande wa kushoto, nisisikie, wacheke. Ulipopita nilishukuru, maana nilipata cha kusingizia. Nyuma ya nyumba ya jirani niliona kandambili zako, nikageukia upande mwingine nikaendelea kuita.

Miaka kumi na tisa umedhani umeninyima chuo, nami nikakuacha udhani. Hilo ndilo lililonichelewesha kukujibu, si hasira. Nisamehe, mdogo wangu.

Sikio liache. Mpe mlinzi nyayo tu: akisimama tuli, ahisi hatua za aliye karibu. Anayetaka kupita kushoto naye apate kazi.

Ijumaa mchezo ukitoka, mimi nitakuwa mwizi, wewe mlinzi. Nitapita kushoto kwako, na usijifanye hujui.

Dada yako