Siku Niliyomficha Lusia Asichaguliwe na Bibi

Njombe, Jumapili, mwezi wa sita

Baridi ya leo imekuja na mizigo yake yote. Asubuhi sakitu ilikuwa imelala juu ya viazi vya jirani, nyeupe kama mtu kamwaga unga, na mpaka sasa, saa kumi jioni, nimevaa masweta mawili na soksi za mume wangu. Nyie wa Dar mnaosoma hapa huku mkilalamika kwamba feni haifanyi kazi, Mungu anawaona.

Hali ya moyo: haieleweki. Tangu jana nimecheka sana, na nimelia mara moja, chooni, maana mama wa watoto watano akitaka kulia bila kuulizwa "Mama unalia nini?" hana pengine pa kwenda.

Kwa anayefika hapa leo kwa mara ya kwanza, naishi mtaa wa Ramadhani, hapa hapa Njombe mjini, nafuma masweta ya shule kwa mashine. Lusia, mtoto wangu wa kwanza, ana miaka kumi. Festo ana saba na nusu, na hiyo nusu ndiyo yenye matatizo. Kulwa na Doto wana mitatu. Wema bado ananyonya. Baba yao anaendesha lori la kubeba majani ya chai huko Lupembe, na huonekana nyumbani mwisho wa wiki akiwa na njaa na usingizi.

Jana mama yake alikuja kutoka Makambako. Hakuja kutusalimia. Alikuja kuchukua mtoto.

Msishtuke. Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Babu alifariki mwaka jana, Bibi amebaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, na bibi hawezi kukaa peke yake wakati wajukuu wapo. Anapewa mmoja. Anakaa naye, mtoto anasoma shule ya huko, anatumwa chumvi, wanaongea jioni. Mume wangu mwenyewe alilelewa hivyo, kwa hiyo aliponipigia simu kunipa habari alisema tu, "Mama anakuja kuchagua," kama vile anakuja kuchagua mbuzi.

Kuchagua! Na mimi nilijua atamchagua nani.

Nani asingemchagua Lusia? Lusia anaamka kabla yangu na kuwasha jiko. Anaosha vyombo, anambeba Wema mgongoni huku anafagia, anawavalisha mapacha, na akirudi shule anapita sokoni kuchukua figiri bila kukumbushwa. Wateja wangu wakija kupima masweta husema, "Mama Lusia, huyu binti Mungu alikupendelea." Nami huitikia amina kwa sauti.

Nikasema hapana. Sikusema kwa mdomo, mama mkwe haambiwi hapana. Nilisema kimoyomoyo, kisha nikatengeneza mpango: Lusia afichwe, Festo anadiwe.

Nikiri kabisa, hapa si kanisani lakini ni karibu. Nilikuwa tayari kumtoa Festo. Festo ndiye aliyemnyoa Doto upande mmoja wa kichwa siku ya ubatizo wa Wema. Festo ndiye aliyebeba sufuria zangu mbili kwenda nazo uwanjani zikawa magoli, na moja ikarudi na kibonyeo cha kichwa cha golikipa. Nikawaza, akae Makambako, mji mkubwa, njia panda ya magari, mambo yake hayataonekana.

Jana asubuhi nikamwita Lusia pembeni. Nikamwambia leo asiguse chombo, asifagie, asimbebe mtu. Akae sebuleni kwenye kochi, basi.

Akaniangalia, macho yakaanza kujaa maji. "Mama, nimekosa nini?"

Ningekuwa na akili timamu, habari ingeishia hapo hapo.

Festo nilimwogesha maji ya moto, nikampaka mafuta mpaka akawa anateleza, nikamvalisha shati la Jumapili. Nikamfundisha kusema "Kamwene, Bibi" na kuinamisha kichwa. Baba yao aliangalia yote haya akiwa na kikombe cha chai, akauliza kama kuna harusi.

Bibi akafika na bajaji kutoka stendi, na gunia la maharage na jogoo aliyefungwa miguu. Festo akasalimia vizuri, nikavimba. Kisha akampokea Bibi jogoo, akamfungua kamba, kwa maelezo kwamba miguu ya mwenzetu itakuwa imekufa ganzi. Jogoo akaonyesha kwamba miguu ni mizima. Akakimbizwa kupitia bustani ya jirani, nyuma ya duka, mpaka gereji, na Festo akarudi naye kwapani, shati lina matope na mfuko umechanika.

"Anapenda sana mifugo," nikamwambia Bibi.

Ndivyo siku ilivyokwenda. Festo alimnawisha Bibi mikono na mkono mzima wa sweta, nikasema ni mkarimu. Alimaliza nyama yake akahamia kwenye sahani ya Bibi, nikasema hachagui chakula. Alimuuliza Bibi kwa nini hana meno ya pembeni na yalikwenda wapi, nikasema ni mdadisi, walimu wanamsifu. Walimu! Mwalimu wake akiniona njiani huvuka barabara, hataki tuanze maongezi.

Na Lusia? Saa ya kwanza alikaa ukingoni mwa kochi, mikono ameikalia. Doto alipomwaga uji akainuka kama askari, nikamkazia macho akakaa. Saa ya pili akaegemea. Ilipofika adhuhuri alikuwa amekunja miguu juu, anatazama dirishani, na nilipopita na beseni la vyombo akasema kwa upole, "Mama, naomba maji ya kunywa."

Nikamletea. Ningefanya nini, na Bibi anatazama?

"Huyu mkubwa anaumwa?" Bibi akauliza.

"Haumwi, Mama. Ni mvivu tu, tumeshindwa naye."

Nilimsingizia mwanangu uvivu mbele ya uso wake, na yeye akatabasamu kidogo, akanywa maji yake polepole, kama mgeni. Lile tabasamu lilinipita. Nilikuwa na vyombo vya kuosha.

Baada ya chakula Bibi alilalamika kwamba tangu Babu aondoke, miguu yake haipati joto. Akaenda kupumzika chumba cha watoto. Haikupita muda tukasikia ukelele ambao nina hakika ulifika Lupembe.

Tukakimbilia wote. Bibi amekaa kitandani, amekumbatia mto, na chini ya blanketi kitu kinatembea. Vitu vinne, kwa kweli, na vyote vinalia kwii, kwii.

Simbilisi. Msiowajua, ni wanyama wadogo wenye manyoya, wanene, hawana mkia, ambao katika nyumba nyingi za huku wanaishi jikoni karibu na moto, wakila majani na maganda ya viazi. Mali ya watoto. Festo alikuwa amesikia habari ya miguu, akaenda jikoni, akachagua wanne walionona, akawalaza kitandani kwa Bibi ili wakipashe joto kabla hajafika. Alisimama mlangoni akieleza haya kwa utulivu kabisa, akaongeza kwamba wawili wana mimba, kwa hiyo Bibi alale taratibu.

Nilitafuta sifa ya kusema nikaikosa.

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikadondoka, akacheka akijipiga mapaja, akamshika simbilisi mmoja, akamtazama, akaanza upya. Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaninong'oneza kwamba hajamsikia mama yake akicheka tangu msiba. Nilipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Chumba hicho hakina moshi.

Jioni tukakaa kunywa chai, hukumu ikasomwa.

"Mama Lusia," Bibi akaanza, "chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu Festo umemtembeza tangu asubuhi kama karanga za stendi, nikajua ana kasoro, na kasoro nimeziona. Lakini amenichekesha. Nitakwenda naye."

Nimeshinda. Mpango umefanikiwa kuliko nilivyoomba. Nikafungua mdomo niseme asante, Mama, na mdomo ukasema, "Hapana."

Kikombe cha mume wangu kikasimama hewani.

Sijui ilitoka wapi. Niliona tu kitanda cha Festo kitupu, na jioni ambayo hakuna mtu wa kumfokea, nikasikia uchungu wa tumboni, ule wa kweli wa uzazi. Nikasema tena, kwa adabu kidogo, kwamba Mama anisamehe, Festo simtoi. Bibi hakukasirika. Aliinamisha macho kwenye kikombe, na hilo likanichoma zaidi, maana aliyekuwa anarudi kwenye nyumba ya vyumba vinne alikuwa yeye.

Festo ndiye aliyeingilia kati. Akamwambia Bibi kwamba hata yeye angependa kwenda, ila haiwezekani. "Nikiondoka, Mama atasaidiwa na nani kazi?"

Baba yake akakohoa chai yote.

"Mimi nitaenda."

Ilitoka kwenye kochi.

Bibi akageuka. "Wewe? Si nimeambiwa wewe mvivu?"

"Mimi si mvivu, Bibi. Mama ndiye ameniambia nikae leo." Alisema bila hasira, kama anayesoma ubaoni. "Siku zote mimi ndiye ninayeosha vyombo vyote. Kwako vipo vyako na vyangu tu. Nikimaliza nitapumzika, kama leo. Kupumzika ni kuzuri."

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba ukiwa humo ndani familia nzima itakuwa imekaa juu inakutazama.

Mtoto alikuwa hajui kupumzika. Mimi ndiye niliyemwonjesha, siku nzima, kwa mikono yangu mwenyewe, na maji ya kunywa juu yake. Nilitaka kumficha kwa sababu nampenda, hilo ni kweli na nitaliapia. Lakini nilipokuwa nikilia ndani ya moyo kwamba ataondoka, kitu cha kwanza kilichonijia, kabla ya sura yake, ni beseni la vyombo. Nimeona aibu. Nimeiona jana na ninaiona sasa ninapoandika.

Nilimtazama Bibi nikisubiri maneno, maana alikuwa na haki ya kunisema mpaka asubuhi. Akanywa chai. Akasema tangawizi yangu ni nzuri, naipata wapi?

Tukakubaliana aende kwa likizo hii, mengine tutazungumza shule zikikaribia kufunguliwa.

Leo baada ya misa tukawasindikiza stendi. Begi Lusia alilipanga mwenyewe. Mimi nikalifungua kwa siri ili nimwongezee soksi, na chini kabisa, chini ya magauni, nikakuta sare yake ya shule na sweta nililomfumia Januari, vimekunjwa vizuri sana. Likizo haina sare. Nilikaa na lile sweta mapajani, kisha nikalikunja tena kama alivyolikunja yeye, nikafunga zipu. Hapo ndipo nilipokwenda chooni.

Kwenye kosta alikaa dirishani, Bibi pembeni yake ameshamshika mkono. Festo akakimbia na gari mpaka getini akipiga kelele kwamba Lusia asisahau kumletea mpira. Mapacha wakalia, kisha wakaona muuza mahindi ya kuchoma wakanyamaza.

Nimerudi nyumbani, nimemkabidhi Festo vyombo. Amepokea kwa heshima kubwa, kwamba ndiyo maana hakwenda. Vikombe viwili ni marehemu. Mume wangu anafua nepi za Wema nje kwenye ubaridi, akiimba ili majirani wadhani anafurahia. Mimi nimesugua sufuria hadi vidole vimevimba, na nimegundua kwamba sufuria kubwa ina mpini mmoja uliolegea, unabana kidole kila ukiigeuza. Lusia hakuwahi kuniambia.

Saa tisa nikashindwa, nikapiga simu Makambako. Bibi kapokea, nyuma yake kelele za watoto wengi wa jirani. Kamwita Lusia mara tatu. Amekuja anahema.

Nikamuuliza amekula? Amekula. Anasikia baridi? Hasikii. Anamsaidia Bibi? Bibi kasema vyombo vingoje. Nikamuuliza sasa hivi anafanya nini.

"Tunacheza rede, Mama! Ngoja kwanza, zamu yangu imefika."

Akakata.

Ana miaka kumi, na sikumbuki lini nilimsikia akihema kwa sababu ya mchezo.

Nikashika simu nipige tena, nimwambie namkumbuka, nimuulize na ile sare. Kisha nikaiweka kabatini, juu kabisa. Ni zamu yake, acha acheze.