Kipimo cha Chumvi

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili alilinunua mke wangu aandike mapishi yake. Miezi miwili ya ndoa, hajaandika hata "chemsha maji". Anasema mapishi hayakai kwenye karatasi, yanakaa ulimini. Haya! Karatasi zisioze bure, naandika mimi. Shule niliishia darasa la saba, mwandiko wangu kama kuku kakanyaga wino, lakini nani atasoma? Mimi ni Cheche, mchomelea mageti namba moja pale karakana. Namba mbili bado hajazaliwa.

Niliolea jikoni, sikatai. Mke wangu ndiye mpishi wa kantini ya hapo hapo karakana. Watu sitini, sufuria unaweza kuogeshea mtoto. Siku ya kwanza kula maharage yake nilirudi dirishani mara tatu. Mara ya tatu sahani ilikuwa bado imejaa, nilikwenda kumtazama tu.

Sasa leo, nyumbani. Maharage yana chumvi! Chumvi ya mtu aliyelilia sufuria. Nikamwambia, mama, kama nimekukosea sema yaishe, usinihifadhi kama samaki. Akacheka. Ila alichelewa kucheka. Kwanza alinitazama mdomo.

Jumatano, 5 Machi

Jana jioni viazi havikuwa na chumvi hata punje. Kama kutafuna godoro. Nikasema kumbe ya leo tuliila yote jana! Hakucheka. Akaweka kijiko chini, akaniuliza: hivi wewe umenioa mimi au umeoa chumvi?

Nimeipenda hiyo. Leo kazini nikaisimulia, na sauti yake nikaiigiza, mkono kiunoni. Redio alicheka mpaka kofia ya kuchomelea ikaanguka. Tunamwita Redio kwa sababu ukimwambia neno saa nne, saa tano limeshafika getini. Siku nzima wakaniita Bwana Chumvi. Mimi nami nikapunga mkono kama mheshimiwa.

Ijumaa, 7 Machi

Maziwa yameungua.

Nilikuwa nje napiga viatu brashi, nikasikia harufu. Nikaingia mbio, utani tayari uko mdomoni. Nikamkuta amelipa jiko mgongo, anakata vitunguu, anaimba taratibu. Sufuria iko hatua moja nyuma yake! Hata mimi wa nje nimesikia. Nikaita, mama, maziwa! Akageuka, akaikamata sufuria kwa mkono mtupu.

Nikamtia mkono kwenye ndoo ya maji. Akiwa hapo hapo, mkono majini, ndipo akasema.

Tangu yale mafua ya mwezi uliopita. Mafua yaliondoka, yakaondoka na pua yake na ulimi wake. Hasikii harufu. Hasikii ladha. Wiki tatu anapika kwa kukumbuka. Maharage anayabonyeza kwa kidole, nyama anaitazama rangi, chumvi anakadiria kwa macho. Halafu anakaa ananitazama mdomo wakati nakula, ajue kama amepatia.

Wiki tatu ananitazama mdomo. Na mimi mdomo wenyewe nautumia kumcheka.

Jumapili, 9 Machi

Jana tulikwenda zahanati. Daktari kijana, kanizidi koti tu. Kasema inaweza kurudi baada ya mwezi, baada ya mwaka, au— akapandisha mabega. Nikamuuliza hayo mabega ni dawa ya kunywa au ya kupaka. Mke wangu akanikanyaga.

Leo mchana nimemkuta na shati langu la kazi. Alikuwa anafua. Amelishika usoni, amesimama nalo, maji yanamtiririka kwenye viwiko. Nikasema, hilo chafu mama, utaugua. Akasema zamani alikuwa ananijua kabla sijashika kitasa. Moshi wa vyuma na ile sabuni yangu kali. Sasa hivi mlango ukifunguka anaingia mtu tu.

Mtu tu!

Nikatafuta neno la kuchekesha. Mimi! Nikaishia kulisuuza shati mwenyewe.

Anakula kidogo sana. Anasema ni kama karatasi iliyopashwa moto. Na hataki mtu ajue. Msimamizi wa kantini, Mama Funguo (ana funguo nyingi kiunoni, anasikika anakuja kama punda wa kengele), alimfukuza mpishi aliyepita kwa mchuzi mmoja ulioungua. Mmoja!

Basi tumepatana. Mimi ndiye ulimi wake. Ila kaniapisha. Nitanie upendavyo, kasema, nitanie pua, nitanie miguu yangu ya bata, lakini kwenye kijiko usinidanganye. Ukinidanganya hata mara moja sina pa kusimama.

Nikaapa kwa kaburi la baba.

Jumanne, 11 Machi

Nimekuwa jasusi. Saa tano kamili naomba kwenda chooni. Choo kiko kulia, mimi nakata kushoto, dirisha la nyuma la kantini. Kijiko kinatoka. Naonja. Dole gumba juu, au dole gumba chini. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiye mimi!

Leo mchuzi ulitaka kidogo tu. Akaongeza, nikaonja tena, dole juu. Watu walikomba mpaka sahani zikang'aa. Fundi mkuu akaniuliza: Cheche, tumbo lako siku hizi lina saa? Nikamwambia tumbo langu limesoma kuliko mimi.

Alhamisi, 13 Machi

Fundi mkuu kanizuia. Kasema nijisaidie kwetu, hapa ni kazini. Kwa hiyo leo hakuna aliyeonja, na wali ukatoka chapwa, hauna chumvi. Mama Funguo akamwambia mke wangu: binti, mkono wako leo umeuacha wapi? Tu. Lakini mke wangu amerudi nyumbani amekunja uso kama shuka.

Nikasema subiri. Mimi ni fundi au si fundi? Kile kiasi cha Jumanne kilichokaa sawa, alitia viganja viwili na kidogo. Nikamwambia nionyeshe. Akachota chumvi ya mawe, akaishika mbele yangu. Mikono yake midogo! Sikuwahi kuitazama hivyo, na kovu la maziwa bado jekundu. Nikaimwaga kwenye kipande cha bomba, nikapiga alama.

Kesho nalikata, nalitia kitako, nalichomelea mkono. Kipimo kimoja, sufuria moja. Dirisha la nini?

Jumatatu, 17 Machi

Kipimo kinafanya kazi! Ijumaa sawa, Jumamosi sawa, leo sawa. Nimekipiga msasa mpaka kinaonyesha sura. Dunia nzima hakuna kingine. Hata Mama Funguo kakigeuza geuza, akauliza nani katengeneza, mke wangu akasema mume wangu. Kasema "mume wangu" mbele ya watu! Nimetembea nusu futi juu ya ardhi.

Nyumbani nikamwambia, unaona sasa, huhitaji ulimi. Akasema ndiyo. Akawa anakifuta kwa kanga, anakifuta tu, kimeshakauka zamani. Halafu akasema: sasa wanapika wawili, mimi na bomba. Mimi nabeba sufuria.

Nikamwambia asiwe hivyo.

Jumatano, 19 Machi

Naandika hili kwa sababu siwezi kulisema.

Leo fundi mkuu alitoka kwenda kupima geti la mteja. Saa tano nikajiendea dirishani, si kwa kazi, kwa kujionyesha tu. Mke wangu akanionyesha gunia jipya. Kantini imebadilisha chumvi. Ile ya mawe imekwisha, wameleta ya unga, laini kama vumbi. Akaniuliza: na hii kipimo chake ni kile kile?

Nikamwambia kipimo ni kipimo, mama! Mita ni mita ukipima chuma au ukipima kamba!

Akatia. Akakoroga. Akanitolea kijiko.

Ilikuwa chumvi. Chumvi ya kukunja shingo. Nikaijua hapo hapo. Ya mawe inaacha nafasi katikati ya mawe yake, ya unga inajaa mpaka kwenye pembe, mtoto wa darasa la pili angejua. Na yeye ananitazama mdomo. Anatabasamu, ameshika bomba langu kama kikombe cha ushindi. Na nyuma yake Mama Funguo anapita, kling kling, anasema, haya fundi wa vipimo, habari za leo?

Nikainua dole gumba juu.

Ulikuwa bado muda wa kuongeza maji na viazi! Nusu saa nzima ilikuwapo. Sikutaka bomba langu liwe limekosea. Basi. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta tangu mchana.

Watu sitini. Wa kwanza akatema. Wa pili akaenda kumwaga kwenye mtaro, kisha wakapanga foleni ya kumwaga. Redio akasimama juu ya benchi, mkono kiunoni, akaiga sauti ya mwanamke: umenioa mimi au umeoa chumvi? Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Neno langu. Mkono kiunoni wangu.

Mke wangu alikuwa kwenye dirisha la kugawia. Alisikia lote. Alinitafuta kwa macho kwenye ile foleni. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu.

Njiani kurudi aliniuliza swali moja. Ulionja leo? Maana nimeona dole, au niliona vibaya, jua lilikuwa machoni.

Nikasema sikuonja. Nikasema nilikuwa namsalimia Mama Funguo, niliitwa, kijiko sikukigusa vizuri.

Akasema, nilijua. Nilijua tu. Ungeonja ungesema.

Alhamisi, 20 Machi

Mama Funguo kamwambia apumzike mpaka amwite. Hakupika. Nimepika mimi, mayai na kabichi. Kabichi imeungua upande mmoja na upande wa pili ni mbichi, sijui niliwezaje. Hata mbwa wa jirani angeomba udhuru.

Alikula yote.

Nikamuuliza, mjinga mimi, ni nzuri? Akafikiria kweli kweli, kama mtu anayetaka kutenda haki. Akasema: ni ya moto.

Ijumaa, 21 Machi

Hakumngoja Mama Funguo amwite, alikwenda mwenyewe. Hakuniambia. Nilimwona tu anapita karakana, kanga kaifunga kichwani, hatazami kulia wala kushoto. Redio akaanza, shemeji, habari za—, nikamwambia Redio izime hiyo. Akaizima.

Kamweleza yote. Mafua, pua, maziwa, dirisha, bomba. Mama Funguo kamsikiliza mpaka mwisho, kisha kamwambia: nilidhani umevimba kichwa, kumbe mwanangu unaumwa. Dirisha nalijua siku nyingi, yule mumeo ana kivuli kirefu kuliko akili. Lakini watu sitini ni watu sitini. Jumatatu upike mbele yangu, bila bomba. Mumeo nitamwombea ruhusa, aje aonje mbele ya wote, si kama paka. Nikiona ulimi wake unaaminika, mtabaki hivyo mpaka wako urudi. Nikiona hauaminiki, nitatafuta mpishi mwingine, na roho itaniuma.

Halafu kamuuliza: siku ile ya chumvi nilimwona dirishani, hakuonja?

Mke wangu ananisimulia haya akiwa anamenya vitunguu saumu, hata hanitazami, ana furaha ya kwanza tangu mwezi uliopita. Kasema nilimjibu, mama, siku ile hakuonja. Mume wangu ana mdomo mchafu, anacheka hata jeneza, lakini kwenye kijiko hajawahi kunidanganya. Hilo naweka mkono motoni.

Mkono wenyewe una kovu.

Nikasema nakwenda kuangalia baiskeli. Sina baiskeli. Nikakaa nje kwenye ngazi mpaka akaniita kula.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi yote anafanya mazoezi ya kesho. Jikoni hapaingiliki. Bomba kalitundika msumarini kando ya mlango, kalitia vijiti vya kiberiti. Chumvi anatia kwa vidole vitatu, anasimama, anafunga macho, kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyemfahamu utotoni.

Ananiita. Kila sufuria ananiita. Mpaka sasa nimeonja mara nne na nimesema kweli mara nne. Imepungua. Bado. Imezidi kidogo. Hapo hapo! Nikisema "hapo hapo" anapiga makofi peke yake. Anasema, kesho tutamtoa Mama Funguo machozi. Anasema, sikujua ndoa ina kazi hii, mtu kukuazima ulimi. Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie ya Jumatano. Mara mbili kautia kijiko.

Nikisema, kesho atasimama mbele ya Mama Funguo na ulimi aliokwisha kuukamata unadanganya. Nisiposema, atasimama na ulimi unaodanganya na hajui. Darasa la saba halikunifundisha hesabu ya namna hii.

Sasa iko sufuria ya mwisho. Ananiita, Cheche, njoo. Nimejibu naja, naandika kitu. Kauliza mapishi? Nimesema ndiyo.

Harufu imenifikia mpaka hapa mezani. Vitunguu vimeshika chini. Kidogo tu, mtu mwenye njaa asingejali. Ningesema safi angeamini. Hilo ndilo linaloniogopesha, angeamini!

Nianze na vitunguu, au nianze na Jumatano?

Kaita tena. Anakuja mwenyewe, nasikia ndala. Kijiko ndicho kimetangulia mlangoni, na kiganja chake cha pili chini yake, kinakinga matone