Spana Iliyopotea Ndani ya Ndege

Mwenzangu, wamemfukuza mwanangu. Wamemfukuza kazi!

Pale karakana ya ndege alikokuwa fundi, kila spana imechorewa mahali pake ukutani. Ikikosekana moja, ndege hairuki mpaka ipatikane, maana ikisahaulika ndani yaweza kuua watu. Wiki jana ilikosekana. Mkubwa wake akanunua mpya, akaitundika. "Haya, zimetimia. Tia sahihi." Kijana akagoma. Akawaandikia wakaguzi kwa siri, hakuweka jina.

Leo mkubwa kamsimamisha mbele ya mafundi. "Kumbe tunaye nabii! Wewe mama yako anakuombea, sisi atatuombea nani?" Wakacheka.

Mama yako anakuombea! Kajuaje?

Ni mimi, mwenzangu. Ni mimi. Alhamisi kwenye kikundi cha sala nilisimama nikasema, mwombeeni mwanangu, amewaandikia wakaguzi kuhusu ndege. Mke wa mkubwa alikuwepo. Nilimwona. Nikadhani la kwenye sala halitoki nje. Na aliitikia amina kwa sauti kuliko wote!

Mchana karudi, ovaroli mkononi. Hakufoka. "Mama, ulimwambia nani?" Nikamjibu, "Nilimwambia Mungu, baba." Tangu nifiwe na baba yake sijamdanganya mtoto huyu, ila leo.

Wakaguzi hawajatokea. Ndege imeruka na abiria wake, imepita juu ya paa letu. Mwanangu alisimama mlangoni akaisikiliza mpaka sauti ikapotea.

Hajala. Nimepiga magoti niwaombee wale abiria, na mdomo umekataa kufunguka.