Ganda Lijae Mpaka Mdomoni

Lewistown, Montana
18 Mei

Kaka Anders,

Pokea salamu zangu, za Bibi, na za kondoo mia mbili ambao hawajui kusalimu. Natumai u mzima huko kwenye visima vya mafuta, na kwamba mgongo uliokusumbua wakati wa Pasaka umepoa. Mama anafanya zamu mbili hospitalini, kwa hiyo tunamwona Jumapili tu. Mwishoni mwa barua hii nitakuomba jambo moja. Nikinyamaza, Bibi anaweza kupoteza mkono; nikisema, naweza kupoteza imani yake. Nimechagua kusema, lakini niache nianze mwanzo, maana unanijua.

Bibi amehama kundi. Miaka kumi na moja amepiga shabaha kwa baruti ya kisasa katika ile klabu ambayo wote huvaa kama watu wa kale, na Aprili akatangaza kwamba rivolva mpya uliyomchagulia Krismasi ataijaribu kwa baruti nyeusi, ile ya zama za babu zetu. Mzee Whitcomb, yule ambaye kila mwaka anakuwa wa pili, alimuuliza mbele ya watu kama ameishiwa wa kuwashinda au ni uzee tu. Bibi akamjibu kwamba amemshinda vya kutosha kwa bunduki safi, sasa anataka kumshinda kwa chafu. Watu walicheka hadi Mzee Whitcomb akadondosha sharubu zake za bandia.

Mimi nilipewa kazi ya kusoma. Nilisoma vitabu vitatu vya maktaba, na naweza kukuhakikishia kwamba rivolva ya kisasa haiogopi baruti nyeusi hata kidogo. Chuma chake ni imara kupita zile za zamani. Tofauti iko kwenye kujaza. Baruti ya kisasa unaipima kwa mizani yenye tarakimu ndogo kama chawa, nayo inakaa kidogo tu ndani ya ganda la risasi. Nyeusi haitaki nafasi tupu ndani. Unajaza karibu mpaka mdomoni, kisha kichwa cha risasi kinaikandamiza. Bibi alifurahi sana niliposoma ukurasa huo. Alisema hiyo ndiyo baruti ya watu wenye akili, inapimwa kwa kidole.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu yangu. Nilizipaka risasi grisi ya trekta, na baada ya risasi kumi na mbili masizi yakawa lami, silinda ikagoma kuzunguka. Bibi akaniambia, "Maren, kitabu kimesema mafuta ya mnyama. Kitabu kimeandika, wewe hukusoma." Tukayeyusha nta ya nyuki na mafuta ya kondoo kwenye sufuria ya uji (usimwambie Mama), na mara ya pili tulipiga risasi hamsini bila kukwama. Halafu tukaiosha rivolva kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, pamoja na sahani za chakula cha mchana. Jikoni kulinuka mayai viza, na Bibi alikuwa akiimba.

Kwenye mashindano alivaa lile gauni refu la kijani. Sheria inaruhusu mtu mmoja asimame nyuma ya mpigaji na kumwelekeza, na alinichagua mimi, ambaye darasani nikiitwa jina natamani kuingia chini ya dawati. Baada ya risasi ya kwanza moshi hufunga kila kitu, na hakuna anayeona shabaha. Wote hupiga kwa kukumbuka. Mimi nilikuwa nimekariri mahali ilipo, nikamnong'oneza, kushoto kidogo, juu kidogo. Shabaha ya chuma ililia mara tano kwa risasi tano. Mzee Whitcomb akalalamika kwamba mama huyu ana macho ya mwewe, anaona hadi ndani ya moshi.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta karakanani akijaza maganda kwa mashindano ya pili. Aliingiza kidole, akahisi limejaa, akachukua jingine. Kopo lililo mkononi mwake lilikuwa la baruti ya kisasa. Jina limeandikwa kwa herufi nyekundu, kubwa kama kidole gumba changu. Ganda lililojaa baruti ile si risasi tena, Anders, ni bomu. Nilimshika mkono. Nilimuuliza ameshika kopo gani. Akanijibu kwa ukali kwamba ni nyeusi, kwani mimi ni kipofu?

Kisha akakaa chini.

Kabla hajasema neno nilifungua kila risasi sandukuni. Tisa zilikuwa na baruti ya kijivu, ile ya kisasa. Ndipo akaniambia kwamba tangu Februari katikati ya macho yake pana doa, anaona pembeni tu. Mizani hawezi kuisoma. Alihamia baruti nyeusi kwa sababu haihitaji mizani, na kwa sababu ndani ya moshi wote ni vipofu kama yeye. Akaniapisha nisiwaambie wewe na Mama, kwani mtamnyang'anya bunduki na gari.

Nimenyamaza siku nane. Na kosa langu ni kubwa kuliko hilo. Siku ile ya mashindano, kabla ya risasi ya kwanza, moshi ukiwa bado haupo, nilimwona akigeuza kichwa pembeni kama kuku ili aione shabaha. Nilielewa. Nikanyamaza kwa sababu tulikuwa tunashinda, na kwa sababu alikuwa amenichagua mimi.

Ombi langu: njoo Ijumaa ijayo na gari lako, tumpeleke kwa daktari wa macho Billings. Baruti nimeifungia kabatini, ufunguo ninao mimi. Leo asubuhi nilimwambia kwamba nakuandikia. Aliniita msaliti, akakataa uji. Adhuhuri akaja mezani, akaniamuru nimsomee barua yote, hata kuhusu kuku. Nilipomaliza akasema sawa, lakini rivolva haiuzwi, na kalamu iko wapi.

Ametia sahihi mwenyewe. Imepanda juu ya jina langu, nami sikutaka kuandika upya.

Wako akupendaye,
Maren
na Inga Tollefson