Upatu wa Paa la Shule ya Kukuihala

Nyumba ya Wazee, mjini Hilo
Jumanne asubuhi

Mdogo wangu Fumie,

Barua hii ikukute umekaa, si umesimama jikoni kama ilivyo kawaida yako, na miguu yako iwe imepungua kuvimba. Mumeo Crispin anaendeleaje na lile goti? Mwambie ngazi si za mtu wa umri wake, ingawa najua atanijibu kwamba umri wake unapanda ngazi vizuri tu. Mimi hapa sijambo kwa kadiri ya mzee wa miaka themanini na minne. Nakula nusu sahani, nalala nusu usiku, na moyo wangu, asema daktari, unafanya nusu kazi. Nusu iliyobaki inanitosha kuandika.

Najua utashangaa kuandikiwa na kaka ambaye unamtembelea kila Jumapili. Lakini nikianza kukueleza jambo hili uso kwa uso utanikatiza, utanifunika blanketi, utanitia kijiko mdomoni, na saa ya kuondoka itafika sijasema kitu. Kwa hiyo naandika. Kuna jambo nimekuficha kuhusu upatu wa mwaka ule tuliofungua shule. Nimelificha robo karne, na daktari ameshanionyesha kwa upole kwamba sina robo nyingine.

Kilichonisukuma ni Healani. Alikuja wiki iliyopita, mwalimu mkuu mzima, amebeba kopo la biskuti kama mtoto aliyetumwa. Akaniambia mkataba wa shule umeongezwa tena na jimbo, safari hii kwa miaka kumi bila hata swali moja juu ya hesabu zetu, na mkopo wa jengo umekwisha. Jengo ni letu, Fumie! Lile duka bovu la kampuni ya sukari, lililokuwa na popo wengi kuliko bidhaa, leo ni mali ya kijiji. Akasema mwezi wa nane kutakuwa na sherehe, kuku watachomwa tangu alfajiri, na ule ukumbi mkubwa utapewa jina langu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kijumbe wa upatu uliotuletea bahati. Nikamwambia hapana. Akasema, "Anko Toku, usinisumbue, kibao kimeshachongwa." Nikacheka mpaka muuguzi akaja kuona kama ni kifua. Healani alipoondoka, chai yangu ikapoa mbele yangu. Ukumbi hauwezi kubeba jina langu kabla wewe hujajua jina hilo linabeba nini.

Unayajua mengi ya haya, lakini nivumilie. Nimekuwa karani wa hesabu maisha yangu yote, siwezi kukupa jumla bila kuanzia juu ya ukurasa.

Unakumbuka jinsi jimbo lilivyoifunga shule ya kijiji baada ya miwa kufa, watoto wakawa wanapelekwa mbali kwa basi, wanarudi wamelala midomo wazi. Unakumbuka Healani, wakati huo hajatimiza hata miaka thelathini, alivyozunguka nyumba kwa nyumba akisema kwamba sheria mpya inaturuhusu kuwa na shule yetu ya mkataba. Jimbo litalipa fedha ya kila mtoto, lakini jengo tujitafutie wenyewe. Na unamkumbuka Alvaro Tavares siku ya mkutano, amesimama na kofia yake ya majani, anapiga kelele kuliko kipaza sauti. "Mkataba na nani?" alisema. "Wametunyang'anya shule, sasa wanatupa karatasi wanasema jengeni wenyewe! Hiyo si shule, ni kibarua bila mshahara!" Watu walicheka, na wengi kimoyomoyo walikubaliana naye.

Hata hivyo tulianza. Kila Jumamosi tulichoma kuku kando ya barabara, moshi ukawasimamisha watalii kuliko mandhari. Fedha ya kuku ilitosha vitabu na madawati. Haikutosha paa. Wakaguzi wa jimbo walisema watakuja katikati ya Julai, na wakikuta paa linavuja mkataba utafutwa. Fundi wa paa naye hakutaka kugusa bati hata moja bila dola elfu sita mkononi.

Ndipo nilipopendekeza upatu, kama ule wazee wetu waliouleta kutoka Japani na kuuita tanomoshi, uliowazika wafu na kuwaoza wanawali kambini enzi za miwa. Tulikuwa zamu kumi na mbili, watu kumi na mmoja na shule yenyewe ikiwa mwanachama kamili, ikilipa mia tano zake kila mwezi kutoka kwa kuku kama mtu mwingine yeyote. Majina yalitiwa bakulini. Anayetoka mwezi wa kwanza anachukua elfu sita, wengine wanasubiri zamu zao. Shule ilihitaji kutoka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ungekuwa umechelewa.

Na wewe pia ulihitaji kutoka mwezi wa kwanza. Sikusahau. Yule mama wa Honolulu alikuwa anastaafu, na alikubali kukushikia duka lake la mikate mpaka mwisho wa Juni kwa malipo ya awali ya dola elfu sita. Ulikuwa na miaka arobaini na tatu. Ulikuwa umeoka mikate ya wengine tangu usichana wako, na ulikuwa umeshachagua rangi ya mlango. Ulitutangazia wote, ukasema, "Jina langu likitoka, msinitafute, nitakuwa nimeshapanda ndege!" Na Anti Kapeka akakujibu kwamba ukipanda ndege, uache kwanza mapishi ya mkate wa maziwa.

Sasa nakuambia jambo la kwanza ambalo hulijui. Hili ni la furaha, na nimelibeba kwa shida, kwa maana niliapishwa.

Wiki moja kabla ya kura, Alvaro Tavares alikuja nyumbani kwetu kwa mlango wa nyuma. Wewe ulikuwa kazini. Alikuwa na soseji zake za Kireno ndani ya gazeti, na alianza kwa kuniambia kwamba hayuko pale. "Toku, mimi sijaja hapa. Niko nyumbani, nimelala. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Akataka niandike jina la shule kwenye karatasi yake. Ikitoka, shule ichukue, naye atasubiri zamu ya shule. Nikamuuliza kama huyu ndiye Tavares wa mkutanoni. Akanijibu kwamba wa mkutanoni ana mdomo, huyu ana wajukuu. Kisha akaniapisha, akaniambia nikithubutu kusema atakitangazia kijiji kizima kwamba nimeanza kuchanganyikiwa.

Jumanne akaja Bwana Agpalo. Ombi lilelile. Akanisihi mkewe asijue, maana walikuwa wameshapanga zamu yao iwe ya kununua gari. Alhamisi akaja Bibi Agpalo, mwenye zamu yake mwenyewe, akanisihi vilevile kwamba mumewe asijue. Nilimtazama, Fumie, nikauma ulimi mpaka ukaniuma kweli. Akaja Anti Kapeka. Wakaja na wengine watano, mmoja mmoja, kila mmoja akijiona yuko peke yake duniani katika wema huo, kila mmoja akinikataza kusema. Unatujua watu wa kwetu. Mtu akitangaza alichotoa, ni kama amevua nguo hadharani. Nadhani hakuna kijiji kingine ambacho watu wangefanyiana siri hivyo na kuharibu kura yao wenyewe bila kujua.

Mimi nami nikaona haya kubaki nyuma, nikabadilisha ya kwangu. Kwa hiyo siku ya kura, katika karatasi kumi na mbili bakulini, kumi na moja zilikuwa na jina la shule. Moja tu ilikuwa na jina la mtu, nalo lilikuwa lako.

Hakuna aliyekunyima kwa makusudi. Kila mmoja alitoa zamu yake tu, wala hakujua kwamba wenzake nao wametoa. Mimi peke yangu nilijua bakuli lilivyojaa, na ningeweza kukuambia. Sikukuambia.

Siku yenyewe unaikumbuka: Jumamosi ya kwanza ya Juni, uani kwa Anti Kapeka, wali na nguruwe aliyepikwa ndani ya majani, mvua inatishia na hainyeshi. Healani alifumba macho akachomoa karatasi. Kwa desturi yetu kijumbe peke yake huifunua, huisoma, kisha zote huchomwa jikoni papo hapo. Nikasoma kwa sauti: Shule ya Kukuihala. Pakalipuka! Bwana Agpalo alimnyanyua mkewe juu, wote wawili wanalia, kila mmoja akidhani anajua kwa nini. Tavares alipiga mluzi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hata bahati imekosa akili!" Kisha nikamwona amegeukia ukuta, anapangusa macho kwa kofia.

Na wewe ulikuwa wa kwanza kumkumbatia Healani. Nililiona hilo.

Mengine yaliyofuata ni yako kuliko yangu. Fundi alikuja Jumatatu na mafundi wake wanne, mmoja wao mjane mmoja mkimya kutoka Honokaa aitwaye Crispin Baldonado, aliyekuwa akishuka kutoka juu ya paa kila ulipopita na mikate, hata kama ndiyo kwanza amepanda. Wenzake walimwambia, "Kaka, paa liko huku juu!" Wakaguzi walikuja na mvua, wakasimama chini ya bati jipya wakingoja tone ambalo halikudondoka. Zamu yako ilitoka mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Duka la Honolulu lilikuwa limeshauzwa zamani, basi ukanunua ile tanuri kubwa ya jiko la shule, na kuanzia hapo mikate yako ya Ijumaa ndiyo iliyolipa mwalimu wa muziki, kisha maabara, kisha sehemu ya mkopo wa jengo kila mwezi. Nilizipitisha hesabu hizo kwa mikono yangu. Kuku walitufungulia mlango, lakini mikate ndiyo iliyotuweka ndani.

Na kila mwaka mpya, tukitwanga mochi, zile keki zetu za mchele, wewe husema mbele ya wote kwamba unashukuru jina lako halikutoka siku ile, maana usingempata Crispin wala watoto wake wala wajukuu hawa wanaokuita bibi. Wote hucheka. Mimi nami hucheka, na huwa naangalia kinu.

Nisalimie Crispin na lile goti lake. Wape wajukuu busu, na yule mdogo umwambie nimeupata mchoro wake, nimeubandika juu ya kitanda, ingawa bado sijajua kama ni farasi au mimi. Msalimie Anti Kapeka, tafadhali mpelekee maua. Mwambie Tavares kwamba siri yake nimeitoa, kwamba ana miaka tisini na moja na hawezi tena kunifanya kitu, na aache kuwafundisha watoto wa shule matusi ya Kireno. Akina Agpalo waambie wote wawili pamoja, ukiwa umewaketisha meza moja, kisha uje unisimulie sura zao zilikuwaje. Hilo nataka kulisikia kabla sijaenda.

Healani nimemwambia kibao kisubiri. Wewe ndiye utakayeamua kiandikwe nini, au kisiandikwe kitu. Ukija Jumapili nitafurahi. Usipokuja nitaelewa, na nitamwambia muuguzi kwamba una kazi nyingi.

Nimefika kwenye salamu na bado sijalisema. Basi ni hili.

Kumi na moja dhidi ya moja, Fumie, na bado ile moja ndiyo iliyotoka. Healani alinipa karatasi, nikaifunua, ilikuwa na jina lako kwa mwandiko wangu. Nikakutazama ng'ambo ya uani, umeshika sahani, umenyoosha shingo. Nikasoma jina la shule, na karatasi nikaitupa motoni kwanza kabla ya zote.

Wakisikia, watu watasema nilifanya kwa ajili ya watoto, na wewe, kwa jinsi nilivyokulea na unavyonipenda, utakuwa wa kwanza kusema hivyo. Usiseme. Wakati ule sikumfikiria mtoto hata mmoja. Niliifikiria nyumba yetu asubuhi bila harufu ya mkate wako, nikaogopa kubaki peke yangu.

Kaka yako,
Tokuji