Nani Atakupokea Huko?

Jumanne, Machi 2007. Helsinki.

Nje theluji inaanguka polepole, na mimi humu ndani nimevaa sweta mbili na kilemba. Nimekaa kwenye kompyuta ya wageni hapa mapokezi ya hoteli. Herufi nyingine za kibodi hii zina vidoti juu, sijui za nini, nazikwepa. Nimejaribu kulala nimeshindwa. Basi niandike.

Leo nimelia ndani ya gari la mtu nisiyemjua.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni mkunga, kazi yangu iko Nachingwea, kwetu ni Likunja, Ruangwa. Nimekuja kwa kozi fupi ya kuwatunza watoto njiti. Kabla ya ndege hii, safari yangu kubwa kuliko zote ilikuwa ya Dar kwa basi, kipindi cha mvua, tukakwama kwenye tope mpaka abiria tukawa ndugu. Kwa hiyo mtu asidhani naandika kama mzoefu.

Wiki iliyopita nilikwenda Likunja kuaga. Baba alikuwa barazani anatia jembe mpini. Hakuuliza ndege inapaaje wala kozi ni ya nini. Aliuliza jambo moja tu.

"Nani atakupokea huko?"

Nikamwambia nitapokelewa na hoteli, wataleta gari uwanjani.

"Hoteli ni nani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, akaendelea kugonga mpini wake.

Nieleze kidogo, maana wengine mnatoka mikoa mingine. Kwetu msafiri lazima awe na mtu wa kumpokea. Ukishuka stendi ya Nachingwea peke yako na mzigo wako mkononi, mama ntilie wote watakuangalia kwa huruma na kuulizana kulikoni. Mwenyeji anakuja, anakunyang'anya begi kwanza, salamu baadaye. Na mzazi aliyekutuma, akipata nafasi, anaongea na huyo mwenyeji, anamkabidhi mtoto wake kwa maneno. Bila hivyo anajiona kama amemtupa mtoto njiani.

Kwa Baba jambo hili lina uzito wake. Kaka yangu Hassani aliondoka kwenda Sauzi miaka ya tisini, mimi bado niko sekondari. Alisema kuna rafiki yake atampokea. Yule rafiki alikuja kurudi baadaye, akatuambia alisubiri pale walipoahidiana, Hassani hakutokea. Basi, habari iliishia hapo. Enzi hizo simu hakuna, ukimuuliza mtu anakuuliza na wewe. Mama alilia mpaka Mungu alipomchukua. Baba hakulia mbele yetu hata siku moja, ila toka wakati ule hajalitaja jina la Hassani, na sisi tukajifunza kutolitaja.

Kwa hiyo nilielewa vizuri anachouliza. Nikaacha kucheka.

Akatoa masharti. La kwanza, nisipande gari la mtu mwingine yeyote, hata kama anatabasamu vipi. La pili, nikishapokelewa, nimpe simu huyo mwenyeji waongee, amkabidhi mtoto. Nikamwambia, Baba, huyo mtu hajui Kiswahili.

"Ana masikio?"

"Anayo."

"Basi."

Niliporudi Nachingwea nikawaandikia hoteli barua pepe, nikawauliza jina la dereva. Wakanijibu kwa adabu kwamba nikishachukua mzigo niwapigie, gari litakuja mara moja. Jina la dereva hawakutaja. Nilimwambia Baba jina litakuja. Muuguzi mwenzangu aliyewahi kusafiri akanionya kwamba ukiwa na laini ya nyumbani huko nje, hata kupokea simu kunakula salio. Nikaapa moyoni kwamba vocha yangu yote ni ya Baba na yule mwenyeji, kwingine isiende hata senti.

Leo mchana ndege ikatua. Nikawasha simu, ikahangaika kidogo, ikashika mtandao wa huku. Hata sijapata begi langu, Zaituni akabipu. Zaituni ni mdogo wangu, yeye ndiye mwenye simu kule nyumbani. Nikajua wako wapi: kwenye mteremko wa nyuma ya shule, mtandao unashika pale tu. Baba atakuwa amekaa juu ya jiwe na koti lake la sherehe, maana anakwenda kuongea na mgeni.

Nikapata begi. Nikatoka kwenye ukumbi mkubwa unaong'aa. Sasa sikieni nilichofanya.

Niliibipu hoteli.

Ndiyo. Ikaita, nikakata, nikasimama na begi langu kungoja wanipigie. Naomba msinicheke sana. Kwetu mwenye shida ndiye anayebipu, na mwenye uwezo ndiye anayepiga. Ukimbipu mwenye gesti Nachingwea, anakupigia palepale, anakuuliza uko upande gani wa stendi, anakutumia mtu na baiskeli aje kubeba mzigo. Haijawahi kuniingia akilini kwamba kuna mahali duniani kubipu si lugha.

Kimya. Nikabipu tena. Kimya. Nikawaza labda na wao hawana salio. Hoteli nzima, ghorofa zote zile nilizoziona kwenye picha, hawana vocha. Nikawaonea huruma kabisa.

Wenzangu wa kwenye ndege walikuwa wanapokelewa. Watu wa huku hawapigi kelele, wanakumbatiana taratibu kama wanaogopa kuvunjana, lakini wanapokelewa. Ukumbi ukaanza kupungua watu. Dereva wa teksi akaniuliza kama nahitaji gari, nikamwambia nina mwenyeji wangu. Nilisema kwa sauti ya kujiamini. Moyoni, hamna kitu.

Zaituni akabipu. Akabipu tena, na tena, karibukaribu. Namjua. Akibipu hivyo, ni Baba ameanza kumsumbua.

Pembeni yangu alikuwapo dada mmoja anaongea na simu, anacheka, ananyamaza, anaangalia kucha zake, anacheka tena. Anaongea mambo ambayo hayana haraka yoyote. Ndipo nikashtuka. Huyu toka azaliwe hajawahi kumbipu mtu. Hawa watu wakisema tupigie, wanataka upige.

Nikajikaza kisabuni, nikapiga. Dada wa mapokezi akapokea, nikamtajia jina langu na mlango niliosimama. Akasema, kumbe ni wewe, tumeona namba ya kigeni inaita na kukatika, tukadhani ni mtu simu yake mbovu. Hapo ningekaa kimya, yangeisha. Lakini mimi na mdomo wangu nikaanza kumweleza kubipu ni nini. Salio likaishia hapo, katikati ya maelezo.

Sikujua kama gari linakuja au haliji.

Halafu simu ikaita. Si kubipu, iliita kweli. Zaituni alikuwa ameweka vocha, sijui kamkopa nani, anapiga kutoka Likunja mpaka Ulaya. Nikabonyeza kupokea, ikakata. Ikaita tena, nikabonyeza, ikakata. Sina salio la kumpokea baba yangu. Nikamwona pale juu ya jiwe, anamwangalia Zaituni usoni, na Zaituni hajui aseme nini. Mtoto wa pili huyo, naye ameondoka akisema kuna watu watampokea. Nikakaa juu ya begi langu mwenyewe, mtu mzima mimi, mkunga ninayewaambia wanawake wenzangu wawe jasiri.

Mzee mmoja wa makamo ya Baba, mvi tupu, akaja na kikaratasi chenye jina langu. Walikuwa wamelikosea, Mwanahamisi limekuwa refu kuliko lilivyo. Hakuniuliza kitu. Aliinama, nikainuka, akachukua begi kwanza, ndipo akaniamkia. Karibu nimpe shikamoo.

Anaitwa Eero. Kiingereza chake ni kidogo, changu hakimzidi sana. Tulipoingia kwenye gari nikamwambia nina ombi la aibu. Baba yangu yuko mbali sana, anasubiri kuongea na wewe, na simu yangu haina salio. Hajui Kiingereza, hata Kiswahili chake ni cha shule ya watu wazima, nyumbani tunaongea Kimwera. Lakini anataka kuongea na wewe.

Nilitegemea acheke, au aniambie tukifika hotelini wataangalia. Aliegesha gari pembeni, akazima redio, akatoa simu yake mfukoni na kunipa.

Nikapiga namba ya Zaituni. Haikumaliza hata kuita mara moja.

"Uko kwa mtu?" Ni Baba mwenyewe kapokea.

"Niko kwa mtu, Baba."

"Mpe."

Baba akiongea na simu anapaza sauti, anaamini umbali ni umbali. Gari zima lilikuwa linamsikia. Eero akaishika simu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza daktari.

"Salaam aleikum, bwana. Mimi ndiye baba yake huyo. Nashukuru umempokea. Mtoto huyo ni wangu, sijamwokota, nakukabidhi. Asubuhi akikosa chai kichwa kinamuuma, mtazame hapo. Akinuna usimjali, ni tabia ya mama yake. Muda wake ukiisha umrudishe stendi mwenyewe."

Kila Baba alipovuta pumzi, Eero alijibu, "Joo, joo." Ndivyo wanavyoitikia huku. Mimi nilikuwa nacheka, nimeziba mdomo na mtandio.

Nikadhani Baba kamaliza. Nikanyoosha mkono nipewe simu niage.

"Bwana, kuna mwingine," Baba akasema. Sauti ilikuwa imeshuka, nikalazimika kusogea. "Yeye ni mrefu, ana kovu juu ya jicho hili la kushoto. Anaitwa Hassani. Yeye aliondoka mwanzo, hakupata mtu wa kumpokea. Huyo naye ni wangu. Akipita hapo kwako, mpokee. Mwambie sijakasirika."

"Joo," akasema Eero. "Joo, joo."

"Haya. Ahsante, bwana." Simu ikakatwa.

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia kidogo. Nililia kilio cha msibani, na yule mzee wa watu alikaa tu, mikono juu ya usukani. Nilipotulia akanipa karatasi za kufutia uso. Halafu akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, uso umejaa wasiwasi, amekubali nini.

Ningeweza kumwambia chai tu, tukacheka, tukaondoka. Nilimwambia yote. Nilimwambia habari za chai na habari za kaka yangu. Theluji ilikuwa inarundikana kwenye kioo. Akaniomba nirudie jina. Nikasema, Hassani. Akalitamka na yeye, taratibu, mpaka akalipata sawasawa. Kisha akawasha gari.

Zaituni ametuma ujumbe, nimeukuta nilipofika chumbani. Baba amerudi nyumbani amekula vizuri. Anawaambia majirani kwamba amezungumza na mwenyeji wangu, ni mtu mzima, ana heshima, na amekubali yote aliyomwomba. Kuhusu Hassani Zaituni hajaandika kitu. Alikuwa amesimama pale pale, amesikia, na bado hajaweza kuandika.

Miaka yote hii mimi nilidhani Baba amekasirika. Nilidhani amemfuta. Tulikuwa tunalikwepa jina lile pale nyumbani kwa kumhurumia yeye, na sasa sijui ni nani aliyekuwa anamhurumia nani.

Nikirudi Likunja nitakaa naye barazani, na mimi ndiye nitakayeanza. Nitamuuliza Hassani alikuwa mtoto wa namna gani.